Sindano, Uzi na Mazungumzo ya Jioni

Ukiingia katika nyumba nyingi za Wakatoliki hapa Kenya siku ambayo Jumuiya Ndogo ya Kikristo inakutana hapo, au siku ambayo Padre amealikwa kubariki nyumba, kitu cha kwanza kukupokea sebuleni ni vitambaa. Viko mgongoni mwa makochi, viko kwenye mikono ya makochi, viko juu ya meza na stuli, vyeupe au vya rangi ya maziwa, vimetiwa wanga hata kingo zikasimama kama maua. (Zamani kilikuwako kimoja pia juu ya televisheni. Tangu televisheni ziwe nyembamba kama ubao, kitambaa hicho kimekosa pa kukaa.) Wageni husifu, mama mwenye nyumba hutabasamu, na baba mwenye nyumba mara nyingi huwa hana la kusema, kwa kuwa hajui vilifumwa lini wala vilichukua muda gani.

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya kazi hii ya mikono, yaani kufuma kwa sindano na kroshia, kama burudani ya mtu aliyefunga ndoa. Huenda mwingine akauliza: je, hili nalo ni jambo la ukurasa wa ndoa? Naam, ndilo. Fanyeni hesabu pamoja nami. Makochi ya watu saba, yaani kochi moja la watu watatu, moja la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, huhitaji vitambaa 7 vya mgongoni, 8 vya mikononi na 1 cha meza. Jumla ni 16. Mama anayefuma baada ya chakula cha jioni, akimaliza kimoja kwa jioni 6, atahitaji jioni 96 kumaliza vyote. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Na jioni hizo si zake peke yake, ni jioni za ndoa. Zinaweza kuwa jioni 96 za kukaribiana, au jioni 96 ambazo watu wawili wameketi katika chumba kimoja, kila mmoja na ulimwengu wake.

Kazi ya tangu zamani

Wako wanaodhani kwamba kushika uzi na sindano ni mchezo wa wanawake wasio na la kufanya. Maandiko Matakatifu hayakubaliani nao. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunasoma habari za Akila na mkewe Prisila, waliokuwa mafundi wa mahema huko Korintho. Mtakatifu Paulo, ambaye alikuwa na ufundi uo huo, alikaa nyumbani mwao akafanya kazi pamoja nao. Angalieni jambo hili: Agano Jipya halimtaji hata mara moja mmoja wao bila mwenziwe. Walifanya kazi pamoja, walisafiri pamoja, walimfundisha Apolo pamoja, na waamini walikusanyika nyumbani mwao. Si vigumu kuwaza kwamba mengi ya Injili katika nyumba ile yalizungumzwa mikono ikiwa kazini. Yakobo na Yohane nao waliitwa na Bwana wakiwa chomboni wanatengeneza nyavu, kazi ya uzi na fundo ambayo hadi leo hakuna mvuvi anayeionea haya.

Kroshia yenyewe imewahi kuokoa nyumba. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, masista waliwafundisha wasichana na akina mama maskini kufuma kroshia ili wauze wapate chakula, na kazi hiyo ya Ireland ikajulikana duniani. Hapa kwetu shule za misheni zilifundisha wasichana kushona na kufuma, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vikayaeneza mafunzo hayo vijijini. Waliosoma shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watakumbuka somo la Sayansi Kimu, ambalo hata wavulana walilifanya.

Lakini hata kabla ya sindano za chuma kufika, mama wa Kikamba na mama wa Kikikuyu walikuwa wakisuka kiondo huku wakitembea njiani na kuongea na wenzao. Mama wa pwani alikuwa akisuka ukili barazani, habari za mji zikipita. Hawakuacha kazi ili wazungumze, wala hawakuacha kuzungumza ili wafanye kazi. Desturi hiyo ndiyo tungependa kuirudisha sebuleni, safari hii kati ya mume na mke.

"Ngoja, nahesabu"

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Ni Alhamisi jioni, watoto wamelala. Mama anafuma sweta ya mtoto wa kwanza, yenye mapambo ya kusokotana kifuani, ambayo haitaki mchezo katika kuhesabu. Baba ameketi, chai imepoa kikombeni. Anasema, "Mama watoto, leo kazini wametuita ofisini." Mama, bila kuinua macho, anajibu, "Ngoja kidogo baba, nahesabu. Thelathini na mbili, thelathini na tatu..." Baba anangoja. Mama anamaliza mstari, anageuza kazi na kuanza mstari mwingine, kwa kuwa amekwisha kusahau kwamba kuna mtu anayengoja. Baba anatoa simu mfukoni. Baadaye anakwenda kulala.

Wiki tatu zinapita. Siku moja, baada ya sala ya Jumuiya, jirani anampa mama pole kwa sababu mume wake amepunguzwa kazini. Mama anarudi nyumbani akiwaka moto. "Wiki tatu unaondoka asubuhi umevaa tai! Mbona hukuniambia?" Baba anamjibu kwa sauti ya chini, "Nilianza kukuambia."

Nani mwenye kosa? Mama alipaswa kuinua macho, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kwa maoni yetu, mzigo mkubwa zaidi ni wa baba. Habari ya kupoteza kazi si habari ya kujaribu kusema mara moja kisha kuifungia moyoni wiki tatu, na "ngoja" moja si mlango uliopigwa misumari. Lakini tukiishia kugawa lawama, jambo lile lile litatokea tena wiki ijayo. Afadhali tuielewe kazi yenyewe, hasa ninyi akina baba ambao hamjawahi kuishika.

Katika kufuma kwa sindano mbili, mishono yote ya mstari huwa hai juu ya sindano kwa wakati mmoja. Mfumaji akiacha katikati na sindano ikateleza, vitanzi hutoka, na kitanzi kimoja kilichotoka huweza kufumuka kwenda chini mstari baada ya mstari. Ndiyo sababu mama husema, "Ngoja nimalize mstari." Si kiburi. Mstari wa mishono 60, kwa mkono uliozoea, ni kama dakika mbili tu. Kroshia ni tofauti. Humo kitanzi kilicho hai ni kimoja. Ukikivuta kikawa kirefu, au ukakitia pini, kazi yaweza kuwekwa chini hata kabla msemaji hajamaliza sentensi.

Kwa hiyo yafaa mama awe na kazi mbili kikapuni. Ya kwanza ni ile ya kuhesabu: mapambo, kupunguza mishono ya kwapa, shingo. Hiyo ifanywe mchana, au saa ambazo nyumba ina utulivu na hakuna anayemhitaji. Ya pili ni kazi ya moja kwa moja isiyotaka akili nyingi: mgongo wa sweta, skafu, miraba ya blanketi. Hiyo ndiyo kazi ya jioni. Mikono huifanya yenyewe na masikio hubaki kwa mwenzako. Kikapuni iwemo pia penseli na kipande cha karatasi. Andika mstari uliofikia, na hesabu haitakukimbia.

Nanyi akina baba, mpeni mfumaji huo mstari wake mmoja. Dakika mbili si dharau. Ila mama, mstari ukiisha kazi ishuke, macho yainuke, nawe ndiwe uanze: "Haya baba, ulikuwa unaniambia nini?" Aliyeomba kungojwa ndiye anayedaiwa kuuliza. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 137, aliwakumbusha wanandoa kwamba mazungumzo ya kweli hudai muda, na kwamba kusikiliza ni kuwa na saburi hadi mwenzako aseme yote aliyotaka kusema.

Yote tuliyosema juu ya uzi yaihusu simu pia. Tofauti ni kwamba simu haina mwisho wa mstari.

Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea

Tusifikiri kwamba mama akiweka sindano kando kila jioni na kumkazia mume macho, mazungumzo yatakuja. Mara nyingi ni kinyume. Wanaume wengi hawakulelewa kusema mambo ya moyoni wakiwa wanatazamwa usoni. Wengi walisikia maneno mazito ya maisha yao wakiwa malishoni au shambani na baba au babu, wote wawili wakitazama mbele. Ukimketisha mtu kama huyo mezani na kumwambia, "Sasa tuzungumze," atajibu kwamba hana neno.

Lakini akiketi karibu na mke anayefuma kazi nyepesi, hatazamwi, wala hajaachwa peke yake. Kimya hakiwi kizito, kwa kuwa sindano zinasikika. Anaweza kusema nusu ya neno, akanyamaza, akasema nusu nyingine baada ya robo saa. Mke mwenye busara hadaki neno hilo kama kuku anavyodaka panzi. Hufuma kidogo, huuliza kidogo. Akisikia kwamba jambo ni kubwa, hapo ndipo huiweka kazi chini kabisa, na mume huelewa kwamba amesikiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wafumaji hulijua. Mtu mwenye hasira au wasiwasi hukaza uzi bila kujitambua. Kipande alichofuma siku ya ugomvi huwa kigumu na kimebana kuliko cha siku iliyotangulia. Baba akipitisha mkono juu ya sweta inayoendelea na kuona mahali pamebana, anaweza kuuliza, "Hapa kulikuwa na nini?" Swali hilo lina faida kuliko maswali kumi ya "Una nini wewe?"

Haifai pia kuficha kwamba kuna mama anayefuma kwa sababu hana wa kuzungumza naye. Mume hurudi saa nne, saa tano za usiku, na uzi ndio unaomweka macho wazi hadi geti ligongwe. Mume wa namna hiyo akitaka kujua amekosekana nyumbani kiasi gani, alikunjue lile blanketi na kulipima.

Baba afanye nini?

La kwanza ni kuacha dhihaka. "Hizo kamba zako" ni maneno madogo, lakini mke huyabeba kwa miaka. Burudani ya mtu ni sehemu ya nafsi yake, na anayeicheka mbele ya wageni amemcheka mwenyewe. La pili ni kujua jina la kile kinachofumwa na ni cha nani. Ni jambo jepesi sana, na wengi hawalijui.

La tatu ni kutoa mikono. Akina mama wengi hununua sweta za mitumba sokoni na kuzifumua ili wapate uzi wa sufu kwa bei nafuu. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anafumua, mwingine anazungusha donge. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo, hivyo huzungushwa kwanza katika mikono miwili ya mtu, au kwenye mgongo wa kiti, ukafungwa mahali patatu au panne, ukaoshwa na kuanikwa hadi unyooke. Kiti hakizungumzi. Mume aliyenyoosha mikono yake miwili mbele ya mkewe kwa nusu saa hawezi kushika simu wala rimoti, na wengi wataona kwamba nusu saa hiyo imewazaa maneno.

Wapo pia waume wanaofuma wenyewe, nasi hatuoni sababu ya kuwacheka. Huko Lamu wanaume kwa wanawake hushona kofia za vito, na hakuna anayeuliza uanaume wao. Baba aliyestaafu, ambaye siku zimekuwa ndefu na magoti hayataki tena jembe, anaweza kufuma blanketi la mjukuu kuliko kukaa akihesabu magari barabarani.

Fedha ya uzi

Hapa tupite haraka, lakini tusiruke. Uzi hununuliwa kwa fedha, iwe ni madukani Biashara Street jijini Nairobi au kwa mchuuzi mlangoni. Mama anayeficha donge la uzi chini ya mboga ndani ya kikapu amejifunza kuficha, na kesho ataficha kitu kikubwa zaidi. Mume anayempa mkewe fedha ya unga kwa kipimo, huku yeye hajaulizwa fedha ya mpira wa Jumamosi, ndiye aliyemfundisha. Kaeni mpange kiasi fulani cha burudani kwa kila mmoja wenu, kikiwa kidogo kiwe kidogo kwa wote wawili. Na burudani ikianza kuleta fedha, maana majirani wataagiza vitambaa, semeni mapema fedha hiyo ni ya nini: ada ya shule, akiba ya chama, au ya mama kujinunulia anachopenda. Lolote kati ya hayo ni halali. Lisilofaa ni mume kuigundua baadaye.

Kikapu kisichoguswa

Katika nyumba nyingine kuna kikapu chenye shali ndogo nyeupe iliyofika nusu. Mimba ilitoka, au mtoto alizaliwa hakukaa. Mama hawezi kuimaliza shali ile na hawezi kuifumua. Mume, kwa nia njema, anafikiri kwamba ikiondolewa mbele ya macho yake atasahau, basi anampa dada yake mjamzito, au anaitupa.

Baba, usifanye hivyo kamwe bila kuuliza. Ile ni kazi iliyofumwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo alikuwa wako pia. Pengine mkeo anangoja uulize tu, "Tuifanyeje?" Wako wanandoa walioimalizia na kuiweka pamoja na mishumaa ya ubatizo ya watoto wao wengine. Wako walioipeleka kwa mtoto yatima. Wako waliokaa nayo miaka kumi bila kuamua, wala hilo si kosa. Kanisa hutufundisha kuwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Ombeni Misa kwa nia hiyo, mwende wote wawili, na kama hamjawahi kulia pamoja juu ya jambo hilo, shali ile yaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Mkitaka kuanza

Kwa wale ambao hawajawahi, anzeni na kitambaa cha mviringo cha kroshia. Kwa kujifunza chagueni uzi mnene wa rangi nyeupe, ambao mishono yake huonekana, na kroshia ya milimita 4. Uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vya sebuleni, unaotaka kroshia ya milimita 1 hadi 2, utawakatisha tamaa mapema. Fuma vitanzi 5 vya mnyororo, uviunganishe viwe pete. Ndani ya pete hiyo ingiza mishono mirefu 12. Mzunguko wa pili, tia mishono miwili juu ya kila mmoja, iwe 24. Wa tatu, ongeza mshono mmoja baada ya kila mshono wa pili, iwe 36, na kila mzunguko unaofuata uzidi kwa 12. Kitambaa kikijikunja kama bakuli, umeongeza kidogo mno. Kikifanya mawimbi, umezidisha. Fumua hadi mahali palipokosewa, kwa kuwa mzunguko mmoja mbaya hauwezi kusahihishwa na ule unaofuata.

Kikiisha kioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kitiwe maji ya wanga wa muhogo, kinyoshwe juu ya taulo na kutiwa pini kando hadi kikauke. Wengine hutumia maji ya sukari. Kinasimama vizuri, lakini sisimizi nao watakuja kukisifu. Uzi wa akriliki usipigwe pasi ya moto, huyeyuka ukalala kama plastiki.

Ya kuzungumzia wawili

Jioni moja wiki hii, watoto wakiisha lala, chukueni maswali haya. Mke wangu, au mume wangu, hufurahia kufanya nini kwa mikono yake, nami nimewahi kumwuliza kwa nini? Ni saa ngapi za jioni zetu tunazitumia tukiwa chumba kimoja bila kusemezana? Kati ya vitu vilivyo sebuleni mwetu, kipi kilifumwa au kushonwa na mmoja wetu, na mwaka ule tulikuwa tunapitia nini? Je, kuna neno ambalo mmoja wetu alianza kulisema jioni fulani akaambiwa angoje, na hadi leo hajalimalizia?